Yule Baba Alikuwa Akiongea na Nani?

"Haya mama, tuhesabu! Moja! Mbiiili! Tatu! Na hiki? Na hiki je? Nneee!"

Tulikuwa kwenye chumba cha kusubiri daktari. Mabenchi yamejaa, televisheni ya ukutani inaongea na hakuna anayeitazama, na kwenye kidirisha muuguzi anaita majina kwa sauti iliyokwisha kuchoka. Aliyekuwa akihesabu ni baba kijana aliyekaa na binti yake wa miaka miwili hivi. Kabla ya kuhesabu walikuwa wameshaimba. Kabla ya kuimba, wanyama wote wa mwituni walikuwa wameshalia kwa zamu, na kila mnyama baba ndiye aliyemlilia.

Mtoto mwenyewe hakuwa akimsumbua mtu. Alikuwa amegundua skrubu kwenye ubao wa benchi, imelegea kidogo, akawa anaizungusha kwa kidole cha shahada, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kwa utulivu wa fundi saa. Baba akimshika mkono ili wahesabu vidole, anauchomoa taratibu na kurudi kwenye skrubu yake.

Na baba, kila alipofika kumi, aliinua macho.

Alitutazama sisi.

Nimekaa na mtazamo ule kwa wiki kadhaa. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira ile haikulingana na kosa. Mtu anacheza na mwanawe, kuna nini? Lakini kila nilipojaribu kuliacha jambo lenyewe, lilirudi, na swali likawa lile lile: baba yule alikuwa akiongea na nani?

Kilio hakinikeri

Niseme kwanza lisilonisumbua. Mtoto akilia hadharani, sina neno. Ana njaa, ana usingizi, anaumwa, joto limemzidi, na kulia ndiyo njia aliyo nayo ya kusema. Hata akipiga kelele za furaha tu, akikimbia huku na huku na kugundua kwamba ukuta unarudisha sauti yake, naona ni haki yake. Na yeye ni mtu, na mahali pa watu ni pake pia.

Kinachonichoma ni mtu mzima anayepaza sauti kwa niaba ya mtoto aliyetulia.

Nilijiuliza kwa nini. Sehemu ya jibu iko kwenye masikio na wala haihusu tabia ya mtu. Mwaka 2010 mtafiti Lauren Emberson na wenzake walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu huvuruga umakini wa msikilizaji kuliko kusikia pande zote mbili. Ukisikia swali bila jibu, akili inajishughulisha kulitafuta lile jibu, utake usitake. Sasa msikilize mzazi wa mtoto ambaye bado hajajua kusema vizuri: "Huyu nani? Anafanyaje? Halafu akaenda wapi? Alienda kwa nani?" Ni nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili haiji. Chumba kizima kinabaki kimeshika ncha ya kamba ambayo upande wa pili hauna mtu.

Sehemu nyingine ilijulikana tangu mwaka 1911, daktari Mfaransa Étienne Lombard alipoeleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Pale kwetu mambo yalikwenda hivyo hasa. Televisheni ilikuwa juu, baba akapanda juu yake, mwenye simu akapanda juu ya baba, na muuguzi akalazimika kupanda juu ya wote. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kupiga kelele.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, na kifaa cha kusaidia kusikia nyuma ya sikio. Kila jina lilipoitwa alinigeukia: "Ni mimi?" Vifaa vile hukuza sauti unayoitaka pamoja na usiyoitaka. Mngurumo wa feni vinaweza kuupunguza kidogo, kwa sababu hauna mabadiliko. Sauti ya mtu mwingine anayeongea ni ngumu zaidi kuitenga, maana nayo ni maneno. Kwa hiyo wakati mimi nilikuwa nakereka, yeye alikuwa anapoteza kitu chenyewe kilichomleta. Zamu yake ingeweza kupita hivi hivi, amekaa palepale kwenye benchi.

Nasisitiza hili kwa sababu tukizungumza juu ya kelele hadharani huwa tunalifanya jambo la wenye roho nyepesi dhidi ya wenye watoto. Katika chumba chochote kile yupo anayesikia kwa shida, yupo mwenye kichwa kinachopasuka, yupo aliyetoka kupewa habari nzito na anatafuta dakika mbili za kujikusanya. Hao hawajichagulii wa kukaa naye.

Sikio liko karibu

Hata hivyo kuna hoja ya upande wa pili na nilitaka kuipa haki yake, kwa sababu kwa kiasi kikubwa ni ya kweli. Mtoto anahitaji kusemeshwa. Ile sauti nyembamba, ya kuvutavuta, yenye kupanda na kushuka, ambayo watu wazima huitumia kwa watoto wachanga, ina kazi yake. Mwaka 1985 mtafiti Anne Fernald alionyesha kwamba watoto wa miezi minne walipendelea kusikiliza maongezi ya namna hiyo kuliko maongezi ya kawaida ya watu wazima. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba wazazi wanajifanya watoto bure.

Lakini sauti nyembamba ya kuvutavuta na sauti kubwa ni vitu viwili. Unaweza kuimba kwa sauti nyembamba kabisa na bado ikawa ndogo. Mama anayenyonyesha usiku wa manane, wengine wamelala, anajua hilo vizuri.

Na tuangalie umbali. Mahali pa wazi, kila umbali kutoka kwenye chanzo cha sauti unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maongezi ya kawaida ya watu wawili walio karibu ni kama desibeli 60. Mtoto aliyekaa kando yako yuko nusu mita kutoka mdomoni mwako; mimi niliye ng'ambo ya chumba niko mita nne. Kutoka nusu mita hadi mita nne umbali umeongezeka mara mbili kwa hatua tatu, yaani desibeli 18 zimepotea njiani. Ndani ya chumba kuta hurudisha sauti, hivyo kinachopotea ni kidogo kuliko hapo, ila mwelekeo ni huo huo. Ongea kwa kiasi kinachomtosha mtoto, na mimi nitasikia mvumo tu. Nikisikia kila neno waziwazi kutoka ng'ambo, basi aliye nusu mita anapokea mzigo mzito sana kwenye sikio dogo sana.

Zaidi ya hapo, watoto wadogo huchambua maneno katikati ya kelele kwa shida kuliko sisi. Uwezo huo huendelea kukomaa hadi miaka ya ujana. Chumba kikiwa na kelele, anachofaidi mtoto ni mzazi kusogea. Kuongeza sauti kunaongeza kelele ambazo yeye ndiye wa kwanza kushindwa nazo.

Niliirudia hesabu hii mara nyingi kichwani, na kwa kweli ndiyo iliyonigeuza. Kama sauti ile haikuwa ya kumfikia mtoto, ilikuwa ya kumfikia nani?

Skrubu

Kabla sijajibu, niruhusuni nikae kidogo kwenye ile skrubu, kwa sababu naamini kule ndiko kulikopotea kitu cha thamani.

Mtoto wa miaka miwili amekaa mahali pageni, watu wengi, harufu ya dawa. Badala ya kuogopa, ametafuta kitu kimoja kidogo cha kukielewa. Anakizungusha, kinazunguka; anakibonyeza, hakiingii; anakizungusha upande wa pili. Baba yuko ubavuni, joto la mkono wake linamfikia. Hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza kuwa peke yake. Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, aliandika mwaka 1958 kwamba uwezo wa mtu mzima kukaa peke yake bila kuvunjika huanza utotoni, mtoto anapokuwa peke yake huku mama yake yupo. Sentensi hiyo inajipinga yenyewe ukiisoma haraka. Mtazame mtoto na skrubu yake, utaielewa.

Na hata tukirudi kwenye lugha, ambayo ndiyo inayowatia wazazi wengi wasiwasi, wingi wa maneno hausemi yote. Mwaka 2018 mtafiti Rachel Romeo na wenzake walichunguza watoto wa miaka minne hadi sita. Walichokiona ni kwamba zamu za mazungumzo, mmoja anasema na mwingine anajibu, ndizo zilizohusiana na namna eneo la ubongo linaloshughulikia lugha lilivyofanya kazi mtoto anaposikiliza hadithi. Wingi wa maneno yanayomiminwa na watu wazima haukueleza hilo. Zamu inadai kusubiri. Unauliza, unanyamaza, unamtazama. Anaweza kujibu kwa kidole, kwa jicho, kwa kuguna. Kisha unashika pale alipokufikisha.

Baba wa pale klinikini hakunyamaza. "Na hiki?" halafu palepale "Nneee!" Binti hakupata nafasi ya kusema nne.

Kama angeinama akasema polepole, "Umeona skrubu? Inazunguka, eh?" wangekuwa na somo zima mikononi, na mama wa pembeni yangu angesikia jina lake. Naandika hivi bila kumbeza. Wakati ule nilikuwa namtazama baba aliyekuwa akijitahidi hadi jasho linamtoka.

Jasho lile lilitoka wapi?

Macho yetu

Erving Goffman, mwanasosholojia, alieleza mwaka 1963 adabu moja ambayo wageni hupeana mahali pa watu wengi bila kuambizana: unamtupia mwenzako jicho mara moja, kwamba nimekuona na sina shida nawe, kisha unaliondoa. Adabu hiyo ndogo ndiyo inayotuwezesha kubanana ndani ya basi bila kuogopana.

Mtoto mdogo haijui. Anakukodolea macho mpaka achoke, anakuonyesha kidole, anauliza kuhusu upara wako. Na sisi, mtu akiingia na mtoto, tunaivunja kwa namna yetu. Tunamtazama mara ya pili na ya tatu. Tunahama kiti. Tunashusha pumzi. Hatujasemeshwa, mtoto hajafanya lolote, na tayari mzazi amesomewa mashtaka.

Rafiki yangu mmoja mwenye pacha aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ukikaa kimya mtoto akachangamka, watu wanasema huyu mama hajali. Ukimwimbia, angalau wanaona unafanya kitu."

Wanaona unafanya kitu.

Baada ya hapo nilianza kusikiliza upya maneno ya wazazi hadharani, na nikaona mengi hayakuelekezwa kwa mtoto hata kidogo. "Mwache anko apumzike, eh? Anko amechoka." Mtoto hajamgusa anko. "Umelala vibaya leo mwanangu, ndiyo maana, eh?" Mtoto anajua alivyolala. "Tunashuka sasa hivi, tumekaribia kabisa!" Hayo yote yanatufikia sisi kwa kupitia mgongo wa mtoto. Ni maombi. Tuvumilieni. Msituchukie. Mimi ni mzazi mwema.

Ndiyo maana sauti inakuwa kubwa. Imepimwa kwa masikio yaliyo mbali.

Na sisi tunaoombwa tunatazama simu.

Nilipoanza kujitilia shaka

Hapa ilibidi niende taratibu, maana mtu akishapata maelezo mazuri huanza kuyavisha kila anayekutana naye.

Fikiria mzazi wa mtoto asiyeona. Anamweleza kila kitu: tumeingia mlangoni, kulia kwako kuna dirisha, aliyekohoa ni babu amekaa na fimbo yake. Mtu asiyejua atasema huyu anapenda kusikika. Fikiria mtoto mwenye usikivu hafifu, ambaye kunong'onezwa hakumsaidii. Fikiria mtoto mwenye usonji ambaye wimbo mmoja, ule ule, kwa mpangilio ule ule, ndio unaomvusha kutoka dakika moja hadi nyingine mahali penye taa kali na vurugu. Mzazi wake haimbi ili tumwone. Akiacha, mtoto anazama. Hakuna alama kwenye paji la uso ya kututofautishia, wala mzazi hana wajibu wa kututangazia maradhi ya mwanawe ili apate ruhusa ya kuimba.

Halafu kuna mashauri yanayomwangukia mzazi kutoka kila upande. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na kati ya miaka miwili na minne isizidi saa moja kwa siku. Ushauri mzuri. Kwa hiyo simu yenye katuni, ambayo ingemnyamazisha mtoto, mzazi ameambiwa aiweke mfukoni. Ameambiwa amsemeshe mtoto sana. Ameambiwa amchangamshe. Akifika hadharani anaambiwa, kwa macho, anyamaze.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siku hizi methali hiyo hutumika kumfunga mdomo asiye na mtoto, nami sipendi inavyotumika hivyo, kwa sababu yule mama mwenye kifaa cha kusikia naye ana uchungu wake. Lakini safari hii niliisikia vingine. Uchungu wa baba yule, palepale mbele yetu, alikuwa akiujua peke yake. Watu wote wale chumbani, na hakuna aliyeushika hata kwa ncha ya kidole.

Kujibu

Mwaka 1984 wanaanthropolojia Elinor Ochs na Bambi Schieffelin walichapisha walichokiona kwa Wakaluli, jamii moja ya Papua Guinea Mpya. Mama wa Kikaluli hakumgeuza mtoto mchanga amtazame yeye ili waongee wawili. Alimshika akiwa ameelekea nje, kwa watu. Watu wakimsalimu mtoto, mama alijibu kwa niaba yake, kwa sauti nyembamba ya kujifanya mtoto. Na watoto wale walikua wakasema lugha yao vizuri kama watoto wengine.

Nilipolikumbuka hilo, baba wa kliniki alipata sura mpya kabisa machoni pangu. Naye alikuwa amemwelekeza binti kwa watu. Naye alikuwa akisema kwa niaba yake. Tofauti ni kwamba kwa Wakaluli kuna mtu amesalimu kwanza. Baba yule alikuwa akijibu salamu ambazo hatukuzitoa.

Basi mimi nimeamua kusalimu. Mzazi akikaa karibu na mtoto, namtazama mtoto, nasema "Hujambo?", nampa mzazi uso usio na mashtaka, kisha narudi kwenye mambo yangu. Mara nyingine sauti inashuka, mara nyingine haishuki. Kuna kijana wa miaka mitatu kwenye treni aliyeona salamu yangu ni mlango uliofunguliwa, akanihadithia habari za mbwa wao mpaka kituo cha mwisho, na mama yake alikaa kimya kwa amani kubwa akitazama dirishani. Kelele zilikuwa zilezile, pengine zaidi. Hazikunikera.

Kusalimu hakutoshi kila mahali, na sitaki kulifanya dawa ya kila kitu. Mahali ambapo majina yanaitwa, mahali ambapo mtu anapumua kwa shida nyuma ya pazia, lazima mtu aweze kusema. Ila aseme kwa mdomo, aache macho. "Samahani ndugu yangu, mama hapa hasikii majina yakiitwa, tusaidie sauti kidogo." Mzazi akipewa sababu anapata la kufanya. Akipewa jicho anabaki kukisia, na kukisia ndiko kunakomfanya azidi kujitetea kwa sauti.

Na wanaosimamia vyumba hivi nao wana la kufanya kabla hatujaanza kulaumiana sisi kwa sisi. Zimeni televisheni isiyotazamwa, kwa sababu ndiyo inayoanzisha ule mnyororo wa Lombard. Wekeni namba zinazoonekana ukutani, ili asiyesikia asitegemee huruma ya jirani yake. Tengeni kona ya mtoto, hata kama ni mkeka na vitu viwili vitatu vya kushikika visivyolia, mbali na kidirisha cha kuitia majina. Kuta tupu na sakafu tupu hurudisha sauti. Pazia zito na kitambaa kwenye viti huzimeza kwa kiasi. Mengi ya haya yanawezekana bila kujenga upya, na televisheni inaweza kuzimwa kesho asubuhi.